Chapa Kwenye Bawaba

11 Januari

Dada yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umekaa, goti umelinyoosha, na unamgombeza mtu. Hapo nitajua u mzima. Huku kwetu hatujambo. Mvua imechelewa, lakini mbao zinakauka vizuri, kwa hiyo mimi silalamiki. Jirani yangu fundi cherehani amepata mjukuu mwingine na bado anajiita kijana. Binti yangu Kinyundo hajambo kabisa. Watu wananiuliza ataolewa lini. Nawaambia wamuulize mwenyewe, nao hawathubutu.

Sasa neno lenyewe. Mjini wamejenga maktaba mpya, na wanataka mlango. Si mlango wa kununua dukani. Wanataka mbao mbili kubwa zinazokutana katikati, zichongwe kuanzia juu mpaka chini, na bawaba, komeo na misumari yote ifuliwe kwa mkono. Mkutubi mkuu alikuja karakana mwenyewe, kitabu changu cha ufundi kwapani, kurasa zimeshaanza kulegea kwa kusomwa. Akasema, “Tunataka mlango wa mtu aliyeandika kitabu hiki.” Dada, nilijifanya natafuta penseli, kumbe iko sikioni.

Nimekubali. Mlango utazinduliwa mwezi wa tatu, na nimeambiwa nitasoma ukurasa mmoja mbele ya wageni. Seremala na mhunzi kusoma kitabu chake mbele ya watu! Laiti baba angekuwepo, angeuliza kama wanalipa kwa kusoma.

Nisamehe mwandiko. Kalamu hii ni mbovu.

Mdogo wako

*

2 Februari

Mdogo wangu Msumari,

Barua imenikuta kama ulivyosema, nimekaa na namgombeza mtu. Nilikuwa namgombeza fundi wa paa, aliyeniachia tundu juu ya kitanda na kuniambia nihamishe kitanda. Goti linaniuma asubuhi, mchana linanisahau. Tangu shemeji yako afariki nyumba imekuwa kubwa mno. Napika chakula cha mtu mmoja nakula siku mbili.

Hongera kwa mlango. Nimefurahi mpaka nimewaambia watu wasiokujua.

Lakini hiyo kalamu mbovu hapana. Mimi ni dada yako. Wewe ndiye uliyekuwa unawaandikia wenzako kazi za nyumbani mpaka mwalimu akakuchapa kwa mwandiko mzuri. Barua hii nilidhani kuku amekanyaga wino. Na siku ya mazishi ya shemeji yako nilikuona umeshika kikombe kwa mikono miwili, chai ikamwagika hata hivyo. Sikusema kitu, watu walikuwa wengi.

Mkono una nini? Na bawaba za mlango huo atafua nani?

Nisalimie Kinyundo. Mwambie shangazi yake bado anatumia kile kisu alichomfulia, na bado kinakata kuliko ulimi wangu.

Dada yako

*

20 Machi

Dada,

Pole na paa, pole na goti. Sisi wazima.

Mlango umezinduliwa, na umependeza. Viti vilijaa mpaka wengine wakasimama kwenye ngazi. Mgeni rasmi aliupapasa kama mtu anayepapasa ng’ombe wa mnadani, akasema haamini ni kazi ya mikono ya mtu mmoja. Wapiga picha walikuwepo. Nilisoma ukurasa wa kuchagua mbao, wakanipigia makofi. Picha imetoka gazetini, huenda huko imefika.

Mkono hauna neno. Uchovu tu wa kazi. Nikipumzika utatulia.

Kinyundo hajambo, anakusalimu sana.

Mdogo wako

*

15 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, na gazeti limefika. Umevaa koti zuri. Mkono mmoja umeutia mfukoni, nikajiuliza unatafuta nini humo.

Mimi sijambo. Goti halijambo. Paa halivuji tena. Lile lango la uani, ambalo kwa miaka nililifunga kwa kamba na kulitukana, sasa linafunga lenyewe ukilisukuma kwa kidole. Nimelifungua na kulifunga mchana mzima kama mtoto.

Kinyundo anakusalimu sana, umeandika. Haya. Salamu zimefika.

Sina mengine. Ukiwa na la kusema, niandikie. Ukiwa huna, pumzika, maana umeniambia umechoka.

Dada yako

*

6 Mei

Dada,

(Shikamoo, dada. Anayeandika ni mimi jirani, fundi cherehani. Amekuja kwangu, akaketi karibu na mashine, akasema, “Niandikie, na usiongeze neno.” Kwa hiyo hapa nimeongeza haya tu, basi.)

Dada, barua yako niliirudia mpaka karatasi ikalainika. Lile lango nalijua. Liliinama kwa sababu nguzo yake imezama upande mmoja. Ukibadilisha bawaba peke yake, halifungi. Ni lazima bawaba ya chini ipindwe kidogo nje. Hilo silijui mimi peke yangu. Nilimfundisha mtu mmoja tu.

Kwa hiyo yuko kwako. Na siku barua yangu ilipofika ikisema Kinyundo anakusalimu, huenda alikuwa ameketi mezani pako akiisikiliza. Nimejaribu kutolifikiria hilo, nimeshindwa.

Sasa nakwambia, na jirani anaandika huku anajifanya hasikii.

Mkono ulianza mwaka jana. Kwanza kijiko, kisha patasi, kisha kalamu. Nikitulia unatetemeka, nikiukaza unatetemeka zaidi. Daktari sikumwambia, wewe sikukuambia. Kinyundo hakuambiwa, aliona. Siku moja nilikosa chuma nikapiga fuawe tupu, akainuka, akaichukua nyundo mkononi mwangu, akaendelea kupiga yeye. Tangu siku hiyo nikawa nafunga milango ya karakana mchana, wateja wakidhani tuna kazi ya siri. Siri ilikuwa ni nani anafanya kazi.

Mlango ule wa maktaba ameufanya yeye. Mimi nilichora, na nikakaa kwenye kigoda nikisema sana. Nakshi za mbao amechonga yeye. Bawaba amefua yeye, na ya pili kutoka juu ni nzuri kuliko yoyote niliyofua maishani. Zilipokwisha, nikachukua chapa yangu nizigonge. Chapa ikawa inateleza. Kinyundo akanishika kifundo cha mkono, akautuliza, nikagonga. Dada, alinishikia mkono nigonge jina langu juu ya kazi yake. Nami niligonga, bawaba zote.

Siku ya uzinduzi alisimama nyuma yangu na gauni lake jipya. Mwandishi wa gazeti akamwona vidole vina alama za moto, akauliza, “Na huyu dada? Naye ni fundi?” Nami kabla ya kufikiri nikasema, “Huyu ananivukutia moto tu.”

Hilo “tu” ndilo lisilonitoka kichwani. Mwandishi akaandika. Kinyundo akatabasamu kwa ajili ya picha. Nyumbani aliosha vyombo, akapanga patasi kwa ukubwa, akanitakia usiku mwema. Asubuhi hakuwepo. Amechukua nyundo yake moja, nyingine zote kaniachia.

Naona haya, dada. Naona haya kupita mbele ya maktaba, nazunguka njia ya nyuma. Watu wananiita mwalimu, nageuka kuangalia wanamwita nani. Na kitabu changu kina ukurasa mzima kuhusu chapa. Nimeandika humo, kwa mkono wangu uliokuwa mzima, kwamba fundi anayetia alama yake juu ya kazi ya mwingine ni mwizi mwenye adabu. Siku ya uzinduzi walitaka nisome ukurasa ninaoupenda. Huo niliuruka.

Mwambie chochote unachoona kinafaa. Mimi sijui la kumwambia.

Mdogo wako

(Dada, mimi nimeandika kama alivyosema. Palipo na doa hapo juu si chai.)

*

28 Mei

Mdogo wangu,

Mshukuru jirani kwa mwandiko safi na kwa ukimya wake.

Yuko kwangu. Alifika alfajiri na mfuko mmoja, nikamuuliza amekula, akasema hajala, akala. Nilimuuliza kama baba yake anajua yuko hapa, akasema, “Shangazi, nisipike leo kwanza, nilale?” Nikamwacha alale. Habari yenyewe, hilo la kukuvukutia moto, niliipata gazetini, kama watu wengine. Nilikasirika, ndiyo maana nilikuandikia kuhusu paa na goti. Ningeandika niliyokuwa nayo moyoni, karatasi ingeungua.

Shemeji yako aliacha kile kibanda cha kuku na vyuma vyake vya gari uani. Kinyundo amehamisha kuku upande mmoja, upande wa pili amejenga tanuri la matofali. Kipande cha reli ndicho fuawe. Majirani wameanza kuleta majembe na mapanga. Mimi, niliyekuwa nazungumza na redio, sasa nalalamika kelele, na ninalalamika kwa furaha.

Jina lako halitaji, wala hasemi vibaya juu yako. Hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi.

Njoo. Mwezi ujao, juma la mwisho, nakwenda kwa wakwe wa mwanangu. Funguo iko kwa mama muuza mkaa. Sitakuwepo, na nimepanga nisiwepo. Nikiwepo utazungumza na mimi.

Dada yako

*

30 Juni

Dada,

Natumaini umerudi salama kutoka kwa wakwe na hawakukulisha mpaka goti likashindwa kukubeba. Nimerudi kwangu juzi. Anayeandika ni jirani yuleyule. Hataongeza neno, ameahidi.

Nilikuja kama ulivyosema. Muuza mkaa alinitazama sana kabla ya kunipa funguo. Nadhani naye amesoma gazeti. Funguo sikuitumia, maana nilisikia nyundo uani nikaifuata.

Kinyundo alikuwa anafua mundu. Aliniona, akasema, “Shikamoo, baba.” Nikaitikia. Akasema, “Shangazi hayupo.” Nikasema, “Najua.” Akaendelea kugonga, nami sikuthubutu kumkatiza, chuma kilikuwa kwenye moto mzuri. Nikageuza ndoo nikakaa.

Kilipopoa akakirudisha kwenye makaa. Hapo nikasema, “Mwanangu, nimekuja kuomba radhi.”

Akauliza, “Mbele ya nani, baba?”

Nikasema, “Mbele yako.”

“Mimi najua nani amefanya ule mlango. Nilikuwepo.” Hakupandisha sauti, dada. Angepandisha ningepumua. “Ulinikana mbele ya wageni, mbele ya kamera, mbele ya watu waliosimama mpaka kwenye ngazi. Halafu unakuja kunikubali mbele ya kuku.”

Na kuku walikuwepo kweli, watatu, wamenyamaza wananitazama.

Nilitaka kumwambia kuhusu mkono, kwamba niliogopa wakijua mkono umekufa watajua na mimi nimekwisha. Anajua yote hayo.

Akamaliza mundu, akautia makali, akanawa, akanipakulia wali na maharage. Tukala pamoja. Kijiko changu kikawa kinagonga sahani kama mtu anayebisha hodi. Yeye akageuza uso akatazama ukuta, ili nisione kwamba ameona. Bora angecheka. Nilikula nusu nikasema nimeshiba.

Alinisindikiza mpaka kituoni akanibebea mfuko. Nikamuuliza, “Utarudi nyumbani?” Akasema, “Safari njema, baba.”

Ndivyo ilivyokuwa. Nakusimulia kwa sababu najua yeye hatakusimulia.

Mdogo wako

*

19 Julai

Mdogo wangu,

Nimerudi, goti limerudi nyuma yangu. Wakwe wazima, mjukuu ameota meno na anayatumia.

Umesema kweli, hakunisimulia. Nilimuuliza, “Baba yako alikuja?” Akasema, “Alikuja.” Nikauliza, “Akasema nini?” Akasema, “Alikula kidogo.” Basi.

Nimesoma barua yako peke yangu uani. Wale kuku sasa nawaonea huruma, wameshuhudia mengi.

Mimi sina la kukufundisha, lakini nimesikia alichokuuliza, “Mbele ya nani,” na naona bado hujamjibu sawasawa. Swali ni jepesi. Jibu lake haliko kwangu wala halipiti kwa posta.

Dada yako

*

4 Septemba

Dada,

Hujambo? Paa je? Hapa mvua zimefika na mbao zangu zimelowa, maana hakuna wa kuzifunika. Jirani ana mafua lakini anashona.

Barua hii nimeandika mwenyewe. Imenichukua siku nyingi, mistari michache kila asubuhi, kabla mkono haujaamka vizuri. Herufi ni kubwa na zimelala huku na huku. Zicheke, sitakasirika.

Nilikwenda kwa mkutubi mkuu, nikapita mlango wa mbele. Nikamwambia mlango huu ameufanya binti yangu, na nataka kulisema mbele ya watu. Alihangaika. Akafunga mlango wa ofisi yake. “Mzee wangu,” akasema, “kuna haja gani? Mlango umependwa. Haya ni mambo ya nyumbani, yamalizeni nyumbani.” Nikamwambia nyumbani yamekataa kumalizika. Akasema labda waandike kibao kidogo, “kwa msaada wa binti yake.” Nikasema hapana. Msaidizi nilikuwa mimi.

Kuna siku ya wasomaji, wanapokutana kuzungumzia vitabu. Wakanipa nafasi. Nikamwita na yule mwandishi wa gazeti. Alikuja akiwa amechelewa, akakaa nyuma.

Nilisimama na kitabu nisome ule ukurasa wa chapa. Kitabu kikatetemeka, kurasa zikapiga kelele kama majani makavu. Mtu akacheka, nadhani alifikiri nimelewa. Nikakiweka mezani. Nikainua mkono wenyewe, nikawaonyesha. Nikasema, “Huu ndio mkono mliousifu. Tangu mwaka jana haujafua kitu. Mlango mlioupita leo kuingia humu amefanya binti yangu, mbao na chuma. Nilipoulizwa yeye ni nani, nilisema ananivukutia moto tu. Nilisema uongo, naye alikuwa amesimama nyuma yangu. Chapa iliyoko kwenye zile bawaba nimeiiba.”

Nilitarajia nini, sijui. Watu wawili waliondoka. Mama mmoja akauliza, “Kwa hiyo hata hiki kitabu si chako?” Lilinichoma, dada, lakini ni haki yake kuuliza. Nikamjibu kitabu ni changu, nilikiandika mkono ulipokuwa wangu, na asiponiamini sina cha kumwonyesha. Mwandishi wa habari akauliza binti yuko wapi. Nikasema hilo ataulizwa mwenyewe akipenda, mimi nimeshamjibia mara moja na tumeona matokeo yake.

Tangu hapo wateja waliotaka niwatengenezee viti vya ukumbini hawajarudi. Sokoni kuna wanaonisalimia kwa huruma na wanaogeuza uso. Sikupata ule wepesi nilioutegemea. Haya bado ninayo. Tofauti ni kwamba sasa napita njia ya mbele nayo.

Mkutubi ameuliza, chapa yangu ikifutwa kwenye bawaba, iwekwe ya nani. Nimemwambia sijui kama mwanangu ana chapa. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kutengeneza hiyo.

Usimsomee kama hataki.

Mdogo wako

*

26 Septemba

Mdogo wangu Msumari,

Sikucheka. Nililala na barua yako chini ya mto, mwandiko ule ule mbaya, na ndiyo barua nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia, pamoja na zile za ujana ulizojaza maua pembeni.

Sijambo, na paa halivuji. Gazeti halijafika huku, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilimfuata kibandani. Nilimwambia, “Baba yako ameandika, nisome au niondoke?” Akasema, “Soma, mimi nina kazi.” Alikuwa anapiga tupa kwenye shoka. Nikasoma, akawa anapiga tupa. Nilipofika pale pa “Msaidizi nilikuwa mimi,” tupa ikasimama, kisha ikaendelea polepole.

Nilipomaliza akauliza, “Waliuona mkono?”

Nikasema, “Ameandika aliuinua.”

“Na yule aliyecheka?”

“Hakusema amefanywa nini.”

Akafuta shoka kwa kitambaa, akalijaribu makali kwa kidole gumba. Kisha akauliza, “Shangazi, mpaka sasa hajaenda kwa daktari?” Nikamwambia ndivyo ninavyoelewa. Akakasirika, mdogo wangu! Alikutukana kidogo, kwa heshima. Tangu aje hapa ndiyo mara ya kwanza nimesikia akikulalamikia, na usiku ule mimi nililala vizuri.

Nimemwachia nafasi hapa chini. Amesema maneno yake hayazidi mistari michache, nikamwambia karatasi ni ya kwangu, ajaze.

Dada yako

*Baba, shikamoo.*

*Hospitali kuu kuna daktari wa mishipa ya fahamu. Shangazi amemuulizia, anapokea wagonjwa Jumatatu. Nitakuja Jumamosi kukuchukua. Usiniandalie maneno, umeshasema. Funika mbao.*

*Sijaacha kukasirika. Nakuja na hasira hivyo hivyo, tutalala nyumba moja sote watatu, wewe, mimi na hiyo hasira.*

*Mwanao*